Kuhamisha Vipodozi Kwenye Paleti Yako Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wapambaji wanaoanza kazi, na akina dada wenye mekapu zao za nyumbani, na maharusi wanaotaka kujua kilichomo kwenye paleti isiyo na jina inayopita usoni mwao. Kama una haraka, anza na sehemu ya lebo. Kibati kilichopinda kinanyooshwa na poda iliyovunjika inashindiliwa upya, lakini kipodozi ambacho hakijulikani ni kipi wala kilifunguliwa lini hakina dawa.

## Mambo ya kuanzia

Kuhamisha vipodozi kwenye paleti ni kufanya nini hasa?

Ni kutoa kipodozi kwenye kasha lake la dukani na kukipanga pamoja na vingine kwenye paleti moja, yaani kisanduku bapa cha kupangia rangi, uliyoichagua wewe. Kwa vipodozi vya poda, kama aishedo ya kope, blasha ya mashavu na hailaita ya kung'arisha uso, unachohamisha ni kibati chote, yaani kile kisahani chembamba cha chuma ambacho poda imeshindiliwa ndani yake. Poda yenyewe huigusi. Lipstiki na krimu hazina kibati, kwa hiyo kipodozi chenyewe ndicho kinachokatwa au kuyeyushwa na kuwekwa kwenye kisima kitupu, yaani kishimo kilichomo kwenye paleti.

Paleti zimejaa madukani. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu paleti ya dukani imepangwa na mtu asiyewajua wateja wako. Ukinunua yenye rangi kumi na nane, utakuta tano hivi zinageuka majivu kwenye ngozi nyeusi, tatu hazina tofauti ya kuonekana, na ile rangi ya kahawia unayoipenda inaisha mapema huku nyingine zikiwa hazijaguswa. Unaponunua ya pili kwa ajili ya rangi moja, unalipia tena zote.

Sababu nyingine ni uzito. Mpambaji anayepanda bodaboda kwenda kumpamba mtu wa sendofu Mbagala hawezi kubeba makasha arobaini yenye vioo arobaini. Halafu kuna kuona: rangi zote zikiwa wazi mbele yako, unazitumia zote. Iliyofichwa chini ya begi husahaulika mpaka inaharibika.

Lakini kama una lipstiki mbili na blasha moja, viache kwenye makasha yake. Kasha la dukani linalinda vizuri na lina maelezo yote.

Ni vipodozi gani vinahamishika, na vipi niviache?

Poda zilizoshindiliwa zinahamishika zote isipokuwa zile zilizookwa (tazama sehemu ya mwisho). Lipstiki za kawaida za kijiti, konsila za krimu na fandesheni za kijiti zinahamishika.

Maskara usiihamishe kamwe. Inakaa karibu kabisa na jicho, ina maji ndani, na kila ukifungua unaingiza hewa na vijidudu. Muda wake ni mfupi hata ikiwa kwenye chupa yake. Lipstiki za maji zinazokauka mdomoni nazo ziache. Zinakauka kwa sababu zina vimiminika vinavyoruka hewani, na kwenye paleti vitaruka vivyo hivyo ubaki na ngozi ngumu kisimani. Wanja wa jeli usiotoka kwa maji una tabia hiyohiyo. Fandesheni za maji zibaki kwenye chupa, na za kukinga jua vilevile.

Nianze na kipodozi gani?

Anza na cha bei ndogo usichokipenda sana, chenye kasha la plastiki. Usianze na hailaita uliyoletewa zawadi kutoka Dubai.

## Paleti, vibati na sumaku

Ninunue paleti ya aina gani?

Kwa poda, tafuta paleti tupu ya sumaku, ile yenye sakafu moja isiyo na mashimo, ili upange vibati vya ukubwa wowote. Z Palette ndilo jina lililozoeleka zaidi kwa aina hii, ila zipo nyingi zisizo na jina zinazofanya kazi ileile. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu ya sumaku: weka kibati, geuza paleti juu chini, itikise. Cha pili ni kina: funga kifuniko uone kama kinagusa poda. Kikigusa, kila safari kitaikwangua.

Kwa lipstiki na krimu, chukua paleti yenye visima na kifuniko kinachobana. Visima vya chuma cha pua husafishika vizuri. Vya plastiki hushika rangi nyekundu na havitoki doa.

Kama bajeti haitoshi, bati la biskuti lenye kina kifupi linafaa. Bandika ndani karatasi ya sumaku inayouzwa na watu wa matangazo na stika, na una paleti. Lakini lioshe kwanza likauke kabisa. Makombo na mafuta ya biskuti huita wadudu.

Vibati vyangu havishiki sumaku. Nifanyeje?

Vibati ni vya aina mbili: vya chuma, ambavyo sumaku inavishika, na vya alumini, ambavyo haivishiki hata kidogo. Jaribu kila kibati kabla hujanunua paleti. Kwa cha alumini, bandika chini yake kipande chembamba cha chuma chenye gundi. Vipande hivyo huuzwa vikiwa stika za duara, au unaweza kukata kifuniko cha kopo la maziwa ya unga na kusugua kingo kwa msasa mpaka zisikate kidole.

Usichanganye mambo hapa. Paleti yenye sakafu ya sumaku inataka chuma chini ya kibati. Bati la kawaida lisilo na sumaku linataka sumaku chini ya kibati.

Vibati vina ukubwa gani?

Kipimo kilichozoeleka zaidi kwa aishedo moja moja ni duara la milimita 26, ambacho MAC na kampuni nyingine nyingi wanakitumia. Blasha na poda za uso ni kubwa zaidi na hazifuati kipimo kimoja, hivyo pima kwa rula. Ukinunua vibati vitupu kwa ajili ya kushindilia upya, nunua vya milimita 26 vya chuma.

## Poda

Nitakichomoaje kibati bila kuvunja poda?

Kilichokishika kibati ni gundi. Kazi yako ni kuilegeza gundi kwanza, kisha kukiinua. Wanaovunja ni wale wanaoanza kuinua.

Chomoa kwanza kile kitako cha plastiki kutoka kwenye kasha. Makasha mengi yana vijishimo pembeni. Ingiza ncha ya kisu chembamba, sukuma taratibu, kitako kizima kitatoka na vibati vyake. Washa pasi ya nywele kwenye joto la chini kabisa, ilaze mezani ikiwa wazi, na juu yake weka karatasi ya kuokea. Laza kitako juu ya karatasi hiyo, upande wa poda ukiangalia juu. Fungua madirisha, kwani plastiki ikipata joto hutoa moshi usiofaa kuvutwa. Baada ya dakika moja hivi gusa plastiki kwa ncha ya kisu: ikianza kubonyea, gundi imelegea. Ikianza kuyeyuka na kuvutika, umepitiliza, toa haraka.

Sasa geuza mkono. Kama kitako kina tundu chini, sukuma kibati juu kwa ncha butu ya kijiti. Kama hakina, toboa kwa sindano nene iliyopashwa moto, katikati kabisa. Sukuma kutoka chini, usikikwanyue kibati kutoka upande mmoja wa juu: bati lake ni laini, likipinda poda inapasuka papo hapo. Kibati kitakuwa cha moto, kishike kwa kibanio cha nyusi, kiweke juu ya sahani, na usikiguse mpaka kipoe. Gundi iliyobaki chini inafutika kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa alkoholi.

Lazima nitumie moto?

Hapana. Paleti za karatasi ngumu hazitaki moto kabisa, zinaungua. Ingiza matone machache ya alkoholi kwenye ukingo kati ya kibati na karatasi, subiri dakika chache, kisha zungusha kisu chembamba pande zote kabla ya kuinua. Matone yakigusa poda usihangaike, yatakauka. Kitu kimoja usikisahau: alkoholi inashika moto haraka. Usiitumie karibu na mshumaa, jiko au pasi iliyowashwa.

Spiriti ya duka la dawa inafaa?

Inategemea ni spiriti gani. Ile yenye rangi ya bluu au zambarau imetiwa vitu vya kuzuia watu wasiinywe, mara nyingi methanoli, pamoja na rangi. Hiyo usiiweke kwenye kitu kinachokwenda usoni. Spiriti nyingine za hospitali zina mafuta kidogo ndani, na mafuta yakiingia kwenye poda yanaifanya igandamane. Muulize mfamasia alkoholi ya isopropili na usome asilimia kwenye chupa.

Asilimia nayo ina maana yake. Kwa kuua vijidudu, ya 70 ni bora kuliko ya 99, kwa sababu maji yaliyomo yanaichelewesha kukauka na kuisaidia kupenya. Kwa kushindilia poda upya, ya 90 na kuendelea ni bora, maana inaacha maji kidogo. Anayefanya kazi hii kila wiki anahitaji chupa mbili.

Poda imevunjika. Naweza kuirudisha?

Ndiyo. Isage yote iwe vumbi, kwa sababu ukiacha mabonge itapasuka tena. Tia alkoholi tone kwa tone huku ukikoroga, mpaka iwe kama mchanga mbichi wa pwani unaoshikana ukiufinya. Imimine kwenye kibati, funika kwa kitambaa safi cha pamba, shindilia kwa sarafu iliyofutwa vizuri au kizibo bapa. Badilisha kitambaa kikilowa. Acha wazi usiku kucha mahali pasipo vumbi.

Usitumie maji, hata yaliyochemshwa. Unyevu ukibaki chini ya poda utaota ukungu, na kwenye hewa ya Dar, Tanga au Mombasa haukauki upesi. Tegemea pia kwamba poda iliyorudishwa haitakuwa ileile: yenye kung'aa hupungua mng'ao, na nyingine huwa ngumu zaidi.

## Lipstiki na krimu

Nitayeyushaje lipstiki?

Safisha kwanza kijiti cha lipstiki: nyunyiza alkoholi ya 70 juu yake, futa kwa tishu, kata na kutupa ile ncha iliyokuwa ikigusa midomo. Kata iliyobaki vipande vidogo kwa spachula safi, weka kwenye kijiko cha chuma au kikombe kidogo, na ukiweke kikombe hicho ndani ya maji ya moto yaliyotulia. Lipstiki imeshikwa na nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na ya karnauba kwenye 80 na kitu. Maji yaliyo karibu kuchemka yanatosha. Moto wa mshumaa chini ya kijiko ni wa haraka, lakini unachoma upande mmoja, na lipstiki iliyoungua utaijua kwa harufu.

Mara tu inapoyeyuka, mimina. Usiiache kwenye moto, kwa kuwa rangi hutuama chini na mafuta hupanda juu. Mimina kwa mkupuo mmoja ili uso uwe laini, acha ipoe kwenye joto la kawaida. Friji inaleta matone ya maji juu yake.

Siwezi kuihamisha bila kuyeyusha?

Unaweza, na kwa krimu na konsila ndiyo njia ninayoipendelea. Ikate na uipakaze kisimani kwa spachula ukiibonyeza ili hewa itoke. Haipendezi machoni kama ya kuyeyusha, ila kipodozi hakijapata moto na kinabaki jinsi kiwanda kilivyokitengeneza.

Naweza kuchanganya lipstiki mbili kwenye kisima kimoja?

Ukichanganya kabla ya kuhifadhi unapoteza jina, unapoteza tarehe, na hutaipata tena rangi hiyo. Changanya kwenye bamba la chuma siku ya kazi, kiasi cha mtu mmoja, kila lipstiki ikibaki kisimani kwake.

Rangi za mdomoni naweza kuzipaka machoni?

Mashavuni, sawa. Machoni soma kwanza viambato. Rangi yenye namba CI 15850, inayopatikana kwenye lipstiki nyingi nyekundu, nchini Marekani haijaruhusiwa kutumika eneo la macho. Ndiyo sababu nashauri paleti ya midomo na ya macho zitengane, hata kama moja ingetosha vyote.

## Lebo na muda wa matumizi

Niandike nini, na wapi?

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize. Kasha unalolitupa ndilo lililobeba kila kitu: kampuni, jina la rangi, namba ya toleo, viambato, na ile alama ya kikopo kilicho wazi chenye 6M, 12M au 24M ndani yake, yaani miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Ukitupa kasha kabla ya kunakili, umebaki na rangi tu.

Chini ya kila kibati bandika kipande cha karatasi chenye kampuni, rangi, mwezi na mwaka uliofungua, na mwezi wa mwisho wa kutumia. Kwa visima vya lipstiki andika kwenye karatasi moja yenye ramani ya visima, uibandike nyuma ya paleti. Tumia kalamu isiyofutika kwa alkoholi, au funika maandishi kwa selotepu. Kisha piga picha kasha pande zote, hasa nyuma na chini, uzihifadhi kwenye simu katika albamu moja.

Faida yake utaiona siku bibi harusi atakapojitazama kwenye kioo na kusema, "Dada, hii lipstiki ni namba ngapi? Nataka ya kwangu." Au siku shangazi yake atakaposema kwamba mwanetu huyu akipakwa kitu chenye lanolini, yale mafuta ya sufu ya kondoo, anavimba. Unafungua albamu, unasoma, unajibu. Mpambaji asiye na jibu hapo anamhatarisha mtu aliyemwamini uso wake.

Nikishahamisha, muda unaanza upya?

Hapana. Muda ulianza siku ya kwanza kasha lilipofunguliwa. Lipstiki iliyoandikwa 12M na kufunguliwa Januari inaisha Januari inayofuata, hata ukiihamisha Desemba. Kama imeyeyushwa na kupitia vyombo kadhaa, mimi huipunguzia muda. Na alama yoyote iandike nini, ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

Mteja ameuliza kama kuna kitu cha wadudu ndani. Nijibu nini?

Swali halali, na huulizwa na wasiokula nyama na pia na wanaojali mambo ya dini. Angalia picha ya viambato: CI 75470 ni kamini, rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Mwambie kilichoandikwa, uamuzi ni wake.

## Usafi

Paleti moja, wateja wengi. Nifanyeje?

Kwa krimu na lipstiki sheria ni moja: brashi haigusi paleti. Unachota kwa spachula, unaweka kwenye bamba la chuma, brashi inachukua hapo. Kilichobaki kwenye bamba hakirudi kisimani, hata kiwe kingi. Bamba na spachula vinafutwa kwa alkoholi ya 70 kabla ya mtu anayefuata. Siku ya harusi yenye wasimamizi wengi kanuni hii inachosha, na ndiyo siku inapohitajika zaidi, kwa kuwa malengelenge ya mdomo na macho mekundu huhama kwa njia hii.

Poda ni kavu, hatari ni ndogo, lakini tumia brashi safi kwa kila mtu. Kati ya mteja na mteja nyunyizia alkoholi ya 70 kwa umbali wa kiganja, iwe ukungu mwepesi, na uache ikauke kabla ya kufunga. Ukifunga ikiwa mbichi umejitengenezea unyevu.

Juu ya poda pametokea utando mgumu unaong'aa. Imeharibika?

Ni mafuta ya ngozi yaliyoletwa na brashi au vidole. Bandika selotepu juu, bonyeza, ivute. Utando utatoka nayo na poda nzuri itaonekana.

## Joto na safari

Lipstiki zangu zinatoa matone juu. Ni nini?

Zinatoka jasho, kama watu wanavyosema: joto linasukuma mafuta nje ya nta. Ziweke mahali penye ubaridi na kwa kawaida yatarudi ndani. Usiache paleti ya krimu kwenye gari lililoegeshwa juani. Visima vyote vitakuwa ziwa moja, na hapo lebo haisaidii.

Nitasafiri nayo vipi?

Weka pedi ya pamba kati ya poda na kifuniko, funga kwa mpira, ibebe mkononi. Kwenye basi la mkoani usiiweke buti. Kwa ndege, poda na lipstiki ngumu hazina shida. Lipglosi na krimu laini huhesabiwa pamoja na vimiminika, vyombo visizidi mililita 100.

## Hali zisizo za kawaida

Poda zilizookwa, zile zenye mgongo wa duara, zinahamishika?

Ziache. Hazikushindiliwa kwenye kibati cha kawaida, na mgongo wake unagusa kifuniko.

Nina poda ya unga inayong'aa. Naweza kuishindilia?

Alkoholi peke yake haitoshi kwa unga usio na kishikio, yaani kitu cha kuushikanisha. Itakauka na kupukutika. Watu huongeza tone la gliserini. Kabla ya hapo hakikisha ni ya vipodozi. Vimetameta vya kazi za mikono, vya kubandika kwenye kadi, vina kingo kali na havifai karibu na jicho.

Nilinunua krimu isiyo na lebo yoyote. Naihamisha vipi?

Usiihamishe, na usiitumie. Vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyotiwa zebaki vimepigwa marufuku na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, lakini bado vinapatikana sokoni, na kwenye paleti krimu zote zinafanana. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na Kenya kuna KEBS, shirika la viwango la huko. Kipodozi kisicho na jina la mtengenezaji hakina pa kulalamikia.

Naweza kuuza vipodozi nilivyohamisha?

Kibati ambacho hakijatumika, chenye lebo na picha za kasha lake, unaweza kumpa mwenzako anayekujua. Lipstiki iliyoyeyushwa nyumbani usiiuze kwa mtu yeyote.

Nimeachiwa paleti na mpambaji aliyeacha kazi, haina lebo. Niitumie?

Krimu na lipstiki zote tupa, hata zikinukia vizuri. Poda nazo usizipeleke kwa wateja, kwa kuwa huwezi kusema ni nini wala ni za lini; zitumie kujifunzia kushindilia. Mwulize aliyekuachia kama ana picha za makasha kwenye simu yake, maana wengine wanazo bila kukumbuka. Paleti yenyewe na vibati ni mali nzuri: vioshe kwa maji ya sabuni, vifute kwa alkoholi, vikauke kabisa, kisha ujaze vya kwako.